Dar inaongoza kwa ukosefu wa ajira, Kakonko haionekani: tunapima nini, na fedha za vijana zinakwenda wapi?

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam. Tangu Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi mwanzoni mwa mwaka 2025 na waombaji wakafika 135,027, nimesoma humu mijadala mingi ya ajira, na karibu yote inaichukulia idadi ile kana kwamba kijana wa Ubungo, Dar, na kijana wa Kakonko, wilaya ya pembezoni mkoani Kigoma, wamekosa kitu kilekile kwa sababu ileile. Mimi sioni hivyo, na ninaomba subira yenu kwa sababu maelezo yangu ni marefu.

Tuanze na takwimu zenyewe, maana hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya utafiti wa nguvu kazi baada ya miaka kadhaa. Tunao wa 2000/01, wa 2006, wa 2014 na wa 2020/21. Katika ule wa 2006, ukosefu wa ajira Dar es Salaam ulizidi asilimia 31, miji mingine ilikuwa kwenye asilimia 16, na vijijini haukufika asilimia 8. Mwaka 2014 Dar ilikuwa imeshuka hadi asilimia 21 na ushei huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 10 na kidogo. Anayezipitia takwimu hizi kwa haraka ataona jibu liko wazi, kwamba kazi ipo shambani, mjini hakuna, basi vijana warudi walikotoka. Viongozi wetu wa awamu mbalimbali wamezisoma hivyohivyo, na nitalirudia jambo hilo.

Sasa tazameni namna mtu anavyohesabiwa. Kwa tafsiri ya kimataifa, aliyefanya kazi walau saa moja katika siku saba zilizopita, kwa malipo au kwa faida, ana kazi. Na ili ahesabiwe kuwa hana, ni lazima awe anaitafuta. Tafsiri yetu ya kitaifa ni pana zaidi, kwa kuwa inamjumuisha aliye tayari kufanya kazi lakini amechoka kutafuta, pamoja na mwenye kibarua kisicho na uhakika wa kesho. Mwaka 2014, watu walewale waliohojiwa, kwa tafsiri ya kwanza walitoa ukosefu wa ajira usiofika asilimia 3, na kwa ya pili zaidi ya asilimia 10. Hakuna aliyeajiriwa wala kufukuzwa kati ya hesabu hizo mbili.

Kijana wa Kakonko anayepalilia mihogo ya baba yake kwenye nusu ekari, akauza debe moja gulioni, ana kazi hata kwa tafsiri iliyo pana. Kutafuta kazi kunahitaji mahali pa kuitafutia: kiwanda, soko kubwa, ghala, nauli ya kufika huko, na ndugu wa kukulaza wiki tatu za mwanzo. Dar inaongoza kwa sababu ndiko watu wanakoweza kusimama nje ya geti wakasubiri kuitwa. Mnakumbuka Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipofanyiwa usaili Uwanja wa Taifa kugombea nafasi 70 za Uhamiaji? Wengi wao walikuwa wametoka mikoani, lakini foleni ilipigwa picha Temeke.

Anayeona ninacheza na maneno aitazame Afrika Kusini, ambako hali imegeuka kabisa. Kule kiwango cha kitaifa kimekuwa kikizunguka asilimia 32. Western Cape, yenye jiji la Cape Town, iko karibu na asilimia 20, na Eastern Cape, ambayo sehemu kubwa yake ni vijiji vya Transkei na Ciskei, maeneo waliyotengewa Waafrika enzi za ubaguzi, iko karibu na asilimia 40. Kijiji kinaongoza na jiji linafuata nyuma. Sababu yake ni ya tangu Sheria ya Ardhi ya 1913, iliyowafungia Waafrika kwenye vipande vidogo ili migodi ipate vibarua. Shamba la kumficha asiye na kazi halikubaki, kwa hiyo takwimu inamwona. Serikali yao nayo ikalazimika kujibu inachokiona, kwa mpango wa kazi za umma ulioanza 2004 na, tangu 2020, ruzuku ya randi 350 kwa mwezi kwa mtu mzima asiye na kipato, ambayo baadaye ilipanda hadi 370. Sisemi wamefaulu. Ninasema kwamba kwetu shamba la mzee ndilo limekuwa ruzuku hiyo, na halijawahi kuingizwa kwenye bajeti ya yeyote.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Tofauti hizi za mikoa zina watu waliozipanga, na hili husahaulika sana. Wazee wa Kigoma wanalijua neno manamba. Wakoloni waliamua kwamba Tanga na Morogoro ni mikoa ya mashamba ya katani, na kwamba Kigoma, Songea na sehemu za Nyanda za Juu Kusini ni mikoa ya kutoa watu. Waajiri wa katani walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, iliyowasafirisha Waha, Wangoni na Wabena kwa mikataba, kila mmoja akiitwa kwa namba yake. Mkoa uliopangiwa kutoa watu haukupewa zao la biashara la maana wala kiwanda, kwa sababu kijana mwenye kahawa yake asingepanda treni kwenda kukata mkonge.

Kisha katani yenyewe ikaanguka. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Zikaja nyuzi za plastiki, ukaja utaifishaji wa 1967 na usimamizi uliofuata, na miaka ya 1990 uzalishaji ukawa sehemu ndogo tu ya kiasi kile. Tanga ikabaki na wajukuu wa manamba wasio na kwao pengine. Serikali za wakati huo hazikuuita ukosefu wa ajira wa Tanga kwa jina hilo. Ziliuona Dar es Salaam tu, pale wajukuu hao walipofika Kariakoo na kuanza kuuza maji ya baridi.

Jibu la mwaka 1983 mnalijua: Sheria ya Nguvu Kazi. Aliyekutwa mjini bila kitambulisho cha kazi alikamatwa na kupelekwa kijijini, na wengi walirejea kabla msimu haujakwisha, maana kilichowatoa kijijini kilikuwa bado kipo. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakabinafsishwa, watu wakapunguzwa kazini, na umachinga uliokuwa kosa ukawa ndio kimbilio. Desemba 2018 machinga akapewa kitambulisho cha shilingi 20,000, akaambiwa asisumbuliwe. Oktoba 2021 akaondolewa barabarani na kupangiwa maeneo. Ni majibu yanayopingana, ila yote yanamjibu mtu aliyekwisha kufika mjini.

Mchangiaji, Newala

Mkuu, umeandika vizuri, ila umetupita sisi wa Kusini haraka mno. Huku ukosefu wa ajira una kalenda. Kuanzia Oktoba hadi Januari hutampata mtu wa kukuchimbia choo, kwa sababu kila mmoja anaokota korosho, anabeba magunia kwenye chama cha msingi cha ushirika, au amekaa kwenye mizani. Ikifika Machi, vijana walewale wako kijiweni wakicheza bao. Mtakwimu akija Novemba ataandika kwamba Newala haina tatizo, na akija Aprili ataandika kinyume, na yote mawili yatakuwa kweli.

Halafu kuna viwanda. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 Serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya nje, vingi vikiwa Mtwara na Lindi. Uwezo wa viwanda ulipokuwa unapanda, korosho yenyewe ilikuwa inashuka kutoka kilele cha tani 145,000 za msimu wa 1973/74, kwa sababu watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha mikorosho yao maporini. Viwanda vikafungwa, na baada ya kuuzwa baadhi vimekuwa maghala. Leo uzalishaji umerudi, lakini sehemu kubwa ya korosho inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua, ambayo ni kazi ya mikono mingi na hasa ya akina mama, inafanyika huko. Ukisikia mkoa umeuza korosho kwa bei nzuri, uliza imebanguliwa wapi.

Msimu wa 2018 Serikali ilinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba. Bei ilikuwa nzuri, ila wapo waliosubiri malipo kwa miezi mingi, na ile pesa ndogo ya vibarua ambayo wanunuzi wa kawaida huimwaga mtaani haikuonekana. Ulikuwa ni uamuzi wa bei, mkuu, na athari yake tuliiona kwenye ajira, wala sidhani kama kuna aliyeihesabu kwa jicho hilo.

Gesi siitaji kwa kirefu. Mwaka 2013 watu walifanya fujo Mtwara, zikaleta vifo na nyumba kuchomwa, kwa sababu walisikia bomba linakwenda Dar. Waliposema "gesi haitoki" walimaanisha kazi haitoki.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu wa Newala. Hilo la kalenda lilipaswa kuwa kwenye bandiko langu la kwanza. Linanipeleka moja kwa moja kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi huu, yaani mikopo ya asilimia kumi.

Kwa wasioifuatilia: kwa marekebisho ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 utoaji ulisimamishwa baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, kisha ukarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya, halmashauri kumi zikianza kwa kupitia benki. Mjadala wote ulikuwa wa wizi na urejeshaji. Mimi ninauliza swali lililo mbele ya hayo: asilimia 10 ya nini?

Tuchukue mfano wa hesabu tu, sio wa halmashauri fulani. Halmashauri ya mjini ikikusanya bilioni 60 kwa mwaka, fungu la vijana ni bilioni 2.4, na kwa mkopo wa milioni 10 kwa kikundi vinapata vikundi 240. Halmashauri ya pembezoni ikikusanya bilioni 1.5, fungu la vijana ni milioni 60, yaani vikundi sita. Sita, kwa wilaya nzima, na afisa maendeleo ya jamii awe mwaminifu kama malaika. Mpango mkubwa zaidi wa kisheria tulio nao wa kumkabili kijana asiye na mtaji unampa zaidi aliye karibu na biashara kubwa, ushuru wa huduma na kodi za mabango, na unampa kidogo aliye mbali navyo. Jambo hilo liliandikwa kwenye kanuni siku ya kwanza, na hata wizi wote ukikoma kesho litabaki palepale.

Tena mwaka 2017 Serikali Kuu ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa mkulima, na niliupigia makofi. Ila halmashauri za vijijini ndizo zilizoishi kwa ushuru huo, na fungu lao la vijana likapungua pamoja nao.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nakubaliana na takwimu zako, sikubaliani na unakoelekea. Wafanyabiashara wa Jiji la Dar es Salaam, yaani Ilala ya zamani, wanalipa ushuru ili taka zizolewe na vijana wa Gongo la Mboto wakopeshwe. Ukisema fedha hizo zikachangiwe Kakonko, unamwadhibu anayekusanya vizuri na kumzawadia asiyekusanya. Isitoshe, umesema mwenyewe kwamba foleni iko Dar. Basi fedha iwe kwenye foleni.

Mchangiaji, Geita

Mimi niko kwenye halmashauri yenye fedha, na ninaomba niwapunguzie imani katika fedha. Mgodi mkubwa unalipa ushuru wa huduma unaokokotolewa kwenye mauzo, na si kidogo. Lakini mgodi huo ni wa mashine. Ajira zake ni chache ukilinganisha na dhahabu inayotoka, na zinazolipa vizuri zinahitaji vyeti ambavyo vijana wetu wengi hawana. Walioajiri watu wengi hapa ni wachimbaji wadogo. Ukienda kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na makarasha, yaani mashine za kusagia mawe, utakuta watu wa Shinyanga, Kagera, Kigoma na hata Singida, wanaofuata kila mfumuko wa dhahabu unaotangazwa, na dhahabu ikikatika wanahama wote kwa wiki moja. Mkoa wetu ulihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 3 kwenye sensa ya 2022, na miongoni mwao wamo wageni wengi wa dhahabu.

Sasa kikundi kinapata mkopo wa vijana, kinafanya nini? Kinanunua bodaboda. Kijiwe kilichokuwa na pikipiki kumi na mbili kinakuwa na thelathini, abiria ni walewale, nauli inashuka, na marejesho yanashindikana. Afisa anaandika kwamba vijana si waaminifu. Kwa uzoefu wangu wengi wao ni waaminifu. Soko ndilo halikuongezeka.

Mchangiaji, Mbagala

Kaka zangu, nyote mmezungumza juu ya vijana wa kiume. Ruhusuni niongeze wasichana wa kazi. Kila nyumba ya tatu mtaani kwetu ina binti kutoka Singida, Dodoma au Iringa. Katika takwimu, binti huyo ana ajira tena ya mshahara, na mkoa aliotoka umepungukiwa na mtu mmoja wa kuhesabiwa kuwa hana kazi, kwa hiyo kote kuwili mambo yanaonekana yamekaa sawa. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Wapo wasiofikishiwa hata hicho. Nilipoongozana na mmoja wao kupeleka malalamiko kwenye ofisi inayohusika, tuliulizwa mkataba wa maandishi, nasi hatukuwa nao, tukarudi. Babu zake walipanda treni wakiwa manamba. Yeye amepanda basi, na tofauti nyingine siioni.

Mwanzisha uzi

Dada wa Mbagala, umenifundisha. Nilikuwa nikiuwaza uhamaji wa kazi kama jambo la wanaume na mashamba, na sikuwahi kuiona nyumba yangu mwenyewe kuwa ni shamba la katani.

Ndugu wa Dar, hoja yako ni nzito kuliko wengi watakavyokubali, kwa hiyo nisiipite. Kwanza, ushuru unaokusanywa Kariakoo si jasho la Ilala pekee. Mfanyabiashara wa Kasulu anafunga mzigo wake Kariakoo, faida ya jumla inabaki huko, na ushuru wa huduma unatozwa hukohuko. Pili, fedha ikiifuata foleni, foleni nayo inaifuata fedha, na kila mkopo unaotolewa Gongo la Mboto unamwita mdogo wake aliyeko kijijini. Lakini kuhusu anayekusanya vizuri kutoadhibiwa, uko sahihi. Ndiyo maana sipendekezi kuigusa asilimia 10 ya jiji. Ninapendekeza Serikali Kuu, ambayo tayari inapeleka ruzuku za mishahara na maendeleo kwa halmashauri zote, iongeze fungu kwa zile ambazo kiasi cha mkopo kwa kila kijana kiko chini kabisa, na kipimo kiwe idadi ya vijana katika sensa ya 2022, kisiwe mapato.

Ndugu wa Geita, hoja ya bodaboda nimeishindwa. Mkopo humsaidia mwenye soko. Hapa ndipo ninapoiheshimu kidogo programu ya BBT (Building a Better Tomorrow) ya kilimo cha vijana, iliyozinduliwa Dodoma Machi 2023, pamoja na kelele zote zilizoizunguka. Kwa mara ya kwanza jibu halikuwa fedha taslimu wala amri ya kurudi kijijini. Serikali ilisafisha ardhi, ikaahidi maji ya umwagiliaji, na bajeti ya kilimo ilikuwa imekwisha kupanda kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata. Ila awamu ya kwanza ilichukua vijana 812 kati ya waombaji zaidi ya 20,000, na mashamba ya kuanzia yakawa Chamwino, mwendo mfupi kutoka ofisi za wizara. Ninaelewa kwa nini mradi wa majaribio huwekwa karibu na macho ya mkubwa. Lakini Kigoma ina mvua kuliko Dodoma, ina ardhi, ina Mto Malagarasi, na ina historia ya kunyimwa zao makusudi. Laiti mtu aliyechagua eneo angesoma historia ya SILABU kabla ya kufungua ramani.

Kwa Newala, nadhani dawa ni nyingine kabisa, na mkopo wa vijana sio. Huko kazi ipo tayari ndani ya gunia, na inasafirishwa. Kodi ya kusafirisha korosho ghafi ipo miaka mingi. Ningependa kuona sehemu yake ikimwendea mbanguaji mdogo kama mtaji wa kununua na kuweka ghalani korosho za kubangua miezi minane, kwa sababu anashindwa na mnunuzi wa nje siku ya mnada na si kwenye ubanguaji.

Mchangiaji, Newala

Hapo umegusa penyewe, mkuu. Mwenye mashine ndogo hapa anabangua miezi miwili, halafu korosho inamwishia. Mashine inakaa na vumbi, na mabinti wanaanza kuulizana nauli ya Dar.

Mwanzisha uzi

Basi niwaombe jambo moja, wanajamvi, kwa sababu hoja yangu ya asilimia 10 imesimama juu ya mfano wa hesabu na ningependa isimame juu ya namba halisi. Bajeti ya halmashauri hupitishwa na madiwani na si siri. Aliye Kakonko, Buhigwe, Nanyumbu, Liwale, au wilaya yoyote ya pembezoni, aulize mambo matatu: mapato ya ndani ya mwaka jana, fungu la vijana lililotengwa, na lililotolewa kweli. Idadi ya vijana nitaitoa mimi kwenye sensa, nami nitaweka hapa jedwali bila maoni yangu.

Mchangiaji, Nanyumbu

Niko Mangaka. Ofisi ya maendeleo ya jamii haiko mbali na ninapofanyia kazi. Nitapita Jumatatu asubuhi kabla hawajatoka kwenda vijijini, nitawaletea nitakachopewa.